Toleo lijalo la The Elder Scrolls liwe la mtandaoni? Nasema hapana, na sababu yangu si kupenda upweke

#1 · Mleta uzi

Wakuu salaam.

Hoja hii huzama kisha ikaibuka tena: The Elder Scrolls iache kuwa gemu ya mtu mmoja, toleo la sita lije la mtandaoni moja kwa moja, maelfu ya watu ndani ya dunia moja. Wanaoitetea hawakurupuki. Skyrim, toleo la tano, ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Toleo la sita lilitangazwa Juni 2018 kwa kivideo kifupi cha milima, basi. Katikati ya subira hiyo, anayetaka hadithi mpya za Tamriel, bara ambamo gemu hizi zote hutokea, ameelekezwa kwenye The Elder Scrolls Online, iliyofunguliwa Aprili 2014. Ilianza kwa ada ya lazima kila mwezi, Machi 2015 ikaondoa ulazima huo, Oktoba 2016 ikavunja kuta za leveli na za makundi ili mtu aende popote na acheze na yeyote. Imedumu. Ndiyo maana wanauliza: kama ya mtandaoni imesimama, ya nini kung'ang'ania ya mtu mmoja?

Mimi nimezicheza zote mbili, na saa nilizotumia sizihesabu tena. Sina ugomvi na wanaocheza kwa makundi. Ila mjadala huu kila ukianza huishia pale pale, huyu anapenda utulivu, yule anapenda watu, tunaachana. Kwangu mzizi uko kwingine: dunia ya gemu inamkumbuka nani?

Nianze na kitu kidogo. Katika Skyrim nina nyumba katika mji wa Whiterun. Siku moja niliweka kitabu mezani karibu na moto. Sikuwa na kazi nacho, nilikiweka tu kwa sababu meza ilikuwa tupu. Nikatoka, nikapanda hadi Winterhold kwenye chuo cha wachawi, nikashuka makaburini, nikapigana na majoka, wiki zikapita. Niliporudi kitabu kilikuwa pale pale, kimekaa upande upande kama nilivyokiacha. Hakuna misheni iliyonipa pointi kwa ajili ya kitabu kile. Lakini nilisimama pale mlangoni nikahisi kwamba mahali hapa pananijua.

Sasa chukua mfano mkubwa zaidi. Morrowind ya 2002, toleo la tatu, ilikuruhusu kumuua mtu ambaye hadithi nzima inamtegemea. Ukimuua, maandishi yanatokea kukuarifu kwamba unabii umekatika: rudi kwenye faili ulilohifadhi, au endelea kuishi katika dunia uliyoivunja mwenyewe. Na kweli unaweza kuendelea. Unatembea, unauza, unalala, na ule unabii hautatimia tena kwa njia yake. Mara ya kwanza kunitokea nilikaa kimya mbele ya skrini muda mrefu. Hakuna gemu ya mtandaoni inayoweza kunipa hilo, kwa sababu mtu niliyemuua anasubiriwa na wengine elfu nyuma yangu.

Huu si uvivu wa watengenezaji. Kijiji nilichokiokoa leo lazima kiwe kinaungua tena kesho, kwa kuwa mwingine naye amekuja kukiokoa. Zipo njia za kuzunguka tatizo hilo. Iliyozoeleka ni kuigawa dunia katika matabaka: mimi niliyemaliza kazi naona kijiji kizima, wewe ambaye hujaanza unaona moshi. Tatizo ni kwamba mimi na wewe tuliingia mtandaoni ili tuwe pamoja, na sasa tumesimama hatua mbili kati yetu, kila mtu katika tabaka lake, hatuonani.

Katika gemu moja ya aina hii, niiache bila jina, nilipewa kazi ya kumsaka mchawi aliyejificha pangoni. Niliambiwa hakuna aliyewahi kutoka humo salama. Nikashuka. Chini kabisa nikakuta watu wapatao kumi wamesimama kwa duara, wengine wamepanda farasi, wanamsubiri afufuke. Nikasimama nao. Akafufuka, nikamgusa pigo moja, akaanguka, kazi ikaandikwa imekamilika. Nilipogeuka kuondoka wengine walikuwa wanaingia kuchukua nafasi yangu kwenye duara. Yule mzee aliyenituma alinishukuru kwa machozi, na kando yangu mtu mwingine alikuwa anashukuriwa kwa machozi yale yale.

Msimamo wangu basi: tawi la mtandaoni liwepo, likue, lipate watu wake. Lakini shina la mfululizo lisihamishwe. Nawasilisha.

#2

Mkuu umeandika kwa hisia, nakupa heko. Lakini historia haiko upande wako kama unavyodhani. Final Fantasy, mfululizo wa gemu kutoka Japani, ilifanya hilo unaloliogopa, tena kwenye shina lenyewe, si kwenye tawi. Namba ya kumi na moja, mwaka 2002, ilikuwa ya mtandaoni. Namba ya kumi na nne, 2010, vilevile. Mfululizo ulikufa? XII ikaja 2006, XIII ikaja 2009, XV ikaja 2016, XVI ikaja 2023, zote za hadithi ya mtu mmoja. Namba ni namba tu. Mtengenezaji mwenye nguvu anaweza kupika vyungu viwili.

#3

Naunga mkono mleta uzi kwa sababu moja ambayo hakuitaja. Nina mtoto mchanga. Gemu ninayoweza kuicheza ni ile inayosimama ninapobonyeza pozi. Akilia, joka linabaki hewani limefungua mdomo mpaka nirudi, iwe baada ya dakika tano au kesho. Mtandaoni hakuna pozi. Wenzako wanakungoja, au wanakufa kwa sababu yako, na lawama juu. Zamani nilikuwa mganga wa kundi, yule anayewaponya wenzake vitani, najua ninachosema.

#4 · Mleta uzi

#3, asante, hiyo nilipaswa kuiandika mwenyewe. Muda wa mchezaji nao ni sehemu ya dunia ile.

#2, mfano wako ni mzuri na nitausogeza mbele kidogo. Final Fantasy ilinusurika kwa sababu walirudi. Baada ya XI walitengeneza XII. Na kila namba ina dunia yake na watu wake wapya, hivyo namba moja kwenda mtandaoni haikuichukua dunia ya nyingine. The Elder Scrolls ina Tamriel moja tu, ile ile tangu Arena ya 1994. Ukiihamisha, umehamisha yote.

Tazama na wasiorudi. Phantasy Star ilikuwa na matoleo manne ya hadithi, kuanzia 1987 hadi 1993. Mwaka 2000 ikaja Phantasy Star Online, gemu nzuri, watu waliipenda sana. Namba tano ya ile hadithi ya zamani haikuja kamwe. Ultima nayo: Ultima Online ilifunguliwa Septemba 1997 na ikafanikiwa kuliko walivyotarajia watengenezaji wake, Origin, wenyewe. Ultima IX iliyokuwa jikoni ikanyang'anywa watu na muda kwa ajili ya ile ya mtandaoni, ikatoka 1999 ikiwa na majeraha waziwazi, na shina likaishia hapo. Vyungu viwili vinapikika, nakubali, lakini jiko likiwa na moto mmoja, chungu kinacholeta hela kila mwezi ndicho kinachowekwa juu ya moto.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni Knights of the Old Republic, gemu ya dunia ya Star Wars. Kama hujaicheza ruka aya hii, nafichua siri yake. Katika toleo la 2003 unagundua katikati ya safari kwamba Revan, yule jemadari wa kutisha anayesimuliwa na kila mtu, ni wewe mwenyewe. Kumbukumbu zako zilifutwa. Wewe ndiye uliyeamua sura yake, jinsia yake, kama atarudi gizani au la. Toleo la pili likatoka 2004. La tatu halikuja. Desemba 2011 ikaja The Old Republic ya mtandaoni. Na humo Revan yupo. Ana sura moja, jinsia moja, uamuzi mmoja uliokwishafanywa, na ni bosi, yaani adui mkubwa wa kuangushwa. Vikundi vinamwangusha, vinagawana alichoangusha, vinarudi tena wakati mwingine. Yule aliyekuwa mimi amekuwa mtu wa kupangiwa foleni.

#5

Hapo kwa Revan umenigusa mkuu. Sikuwahi kuliangalia hivyo. Nilimwangusha mara nyingi sana.

#6

Mimi ni dada mwenye mtazamo tofauti, na naomba nisikilizwe hadi mwisho.

Mleta uzi anasema dunia ya mtandaoni haikumbuki. Mimi nilikuwemo kwenye Final Fantasy XIV ile ya kwanza, iliyotoka Septemba 2010 ikiwa mbovu kiasi kwamba kampuni iliomba radhi hadharani. Desemba mwaka huo wakamkabidhi Naoki Yoshida aisimamie. Akafanya uamuzi ambao sijauona kwingine: wakajenga gemu mpya kando, na ile mbovu wakaiua kwa hadithi. Miezi kadhaa kulikuwa na mwezi mwekundu angani, unaitwa Dalamud, na ulikuwa unakua. Si kwenye video, ni pale juu ukiinua kichwa. Watu walikuwa wanakatiza mazungumzo wanauangalia, wanasema leo umekaribia.

Usiku wa mwisho ulikuwa tarehe 11 Novemba 2012. Tulikusanyika. Wanyama wakali walishambulia miji na tulipigana tukijua hatutashinda, hakuna cha kushinda, seva inazimwa. Mtu niliyecheza naye mwaka mzima, ambaye sijawahi kuiona sura yake, aliketi kando yangu kwenye ngazi, tukaacha kupigana, tukatazama juu. Kisha skrini ikakatika, ikaja filamu ya mwezi kupasuka. Agosti 2013 dunia ikafunguliwa upya, miaka mitano imepita ndani ya hadithi, miji ina makovu, na wahusika wanawazungumzia mashujaa waliokuwepo usiku ule ila hawakumbuki nyuso zao vizuri. Hao mashujaa ni sisi. Nilipoisikia sentensi hiyo mara ya kwanza nililia.

Kwa hiyo usiniambie haikumbuki. Ilinikumbuka mimi na yule mwenzangu wa kwenye ngazi, na tuko pamoja mpaka leo kwenye kundi moja. Gemu ya mtu mmoja ingenipa nini cha kufanana na hicho?

#7 · Mleta uzi

Dada #6, nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu.

Nilikosea kusema kama vile kumbukumbu iko upande mmoja. Ulichokisimulia ni kumbukumbu ya umati, na gemu ya mtu mmoja haina pa kuipata. Siwezi kuketi kwenye ngazi na mtu. Hilo nalifuta kwenye hoja yangu bila kinyongo.

Lakini naomba ulipime na hili. Usiku ule ulitokea mara moja. Aliyejiunga 2014 anausikia kutoka kwako, kama tunavyosikia habari za harusi ya wazazi wetu. Yeye hawezi kuwa mmoja wa wale mashujaa hata acheze vipi. Wakati huo huo mtu anayeifungua Morrowind leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, anapewa ule unabii mzima, mbichi, na ruhusa ya kuuvunja. Dunia ya umati inawakumbuka waliokuwepo. Ya mtu mmoja inamngoja kila ajaye. Zote mbili nazitaka ziwepo, na ndiyo maana sitaki moja ijengwe kwa matofali ya nyingine.

#8

Mbona hamjaitaja Fallout 76, ya Bethesda hao hao wa The Elder Scrolls? Novemba 2018 waliifungua bila binadamu hata mmoja wa kompyuta. Wazo lilikuwa kwamba binadamu watakuwa sisi wachezaji, hadithi tutaleta sisi. Ikabaki kusikiliza kanda za sauti za watu waliokwisha kufa na kusoma barua zao. Aprili 2020 wakaleta Wastelanders, wakarudisha wahusika wa kuzungumza nao, na watu wengi wakaanza kuitazama upya. Somo kwa Bethesda liko nyumbani kwao, hawana haja ya kuangalia Japani. Wachezaji ishirini na kitu hawawezi kujaza pengo la mhusika mmoja aliyeandikwa vizuri. Mimi nikikutana na mgeni nyikani anacheza ngoma kwa kubonyeza kitufe, ananipa maji, anaondoka. Nampenda kwa wema wake, lakini hana hadithi ya kunisimulia, kama vile mimi nisivyo na ya kumsimulia.

#9

Wakuu, mbona tunaongea kana kwamba ni mmoja au elfu? Katikati pana nafasi. Baldur's Gate 3 ya 2023: watu hadi wanne, dunia inabaki ya yule aliyeifungua, maamuzi yanakaa, aliyekufa amekufa. Ukitaka peke yako, peke yako, hata bila intaneti. Neverwinter Nights ya 2002 ilikwenda mbali zaidi, iliwapa wachezaji zana za kujenga dunia zao na kuziendesha kwenye seva zao wenyewe. Zipo zilizoishi miaka na miaka bila kumtegemea mtengenezaji.

Na wale wa Demon's Souls, 2009, walikuja na njia ya pekee kabisa. Uko peke yako, lakini sakafuni kuna ujumbe alioacha mgeni: mbele kuna shimo. Kuna doa la damu, ukiligusa unaona kivuli cha mtu kikikimbia na kuanguka pale alipofia. Humjui. Amekusaidia na ameshaondoka. Februari 2018 seva zake zilizimwa, ujumbe ukafutika, damu ikakauka, lakini gemu yenyewe ukiiweka kwenye mashine yake inawaka na unaimaliza.

#10 · Mleta uzi

#9, umenipa maneno niliyokuwa nayatafuta. Mtihani wangu uko kwenye hiyo sentensi yako ya mwisho: seva ikizimwa, kinabaki nini mkononi? Mnakumbuka The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft. Seva zilifungwa Machi 2024, na hata aliyeinunua ili aendeshe peke yake akabaki na diski isiyofungua kitu. Hapo ndipo ilipoanzia kampeni ya Stop Killing Games, inayopinga gemu zilizonunuliwa kuzimwa hivyo, ambayo imepita saini milioni moja Ulaya. Na usidhani mzigo huu unaanza siku ya kufunga tu. Diablo III, tarehe 15 Mei 2012, siku ya kwanza kabisa, watu waliokusudia kucheza wenyewe chumbani walikwama mlangoni kwa ujumbe wa hitilafu, Error 37, kwa sababu kila mtu alilazimika kupitia seva.

Basi nalegeza: The Elder Scrolls VI ikiniruhusu kumwalika rafiki mmoja au watatu kwenye dunia iliyo kwenye mashine yangu, naipokea kwa mikono miwili. Wapenzi wa modi, nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, walishathibitisha kiu hiyo ipo, Skyrim Together Reborn ya 2022 waliijenga wenyewe bila kulipwa na mtengenezaji. Kile nisichokikubali ni dunia ambayo haiwezi kuwaka bila ruhusa ya mtu mwingine.

#11

Mkiwa mnajadili, oneni safari ya Dragon Quest X. Agosti 2012 ilitoka ikiwa ya mtandaoni, namba kamili ya shina, Japani. Namba ya XI, 2017, wakairudisha kwa mtu mmoja. Kisha Septemba 2022 wakaitoa X yenyewe upya, ikiwa imejengwa kuchezwa bila mtandao. Miaka kumi baadaye walirudi kuichomoa hadithi kwenye seva. Nikiangalia kazi waliyofanya, hadi vichwa na miili ya wahusika wameichora upya kwa mtindo mfupi, naona ni watu waliojua kuna kitu humo hakipaswi kuzama na mashine.

#12

#11 wameitoa kwa lugha nyingine?

#13

Sijaiona nje ya Japani mkuu.

#14

Dada #6 hapa tena. Mleta uzi, tumekubaliana zaidi ya nilivyotegemea. Ninakuachia moja: katika ile ya mtandaoni nami nina chumba. Kundi letu lina nyumba, na rafiki yangu wa ngazini ameniwekea kiti dirishani. Najua seva ikifa kitakufa. Nakitumia kila siku kwa sababu hiyo.

Swali dogo tu. Kile kitabu chako cha Whiterun, bado kipo?

#15 · Mleta uzi

Swali lako lilinikosesha usingizi jana, nikaamka kuwasha mashine ya zamani. Faili ni la 2012. Nikafungua mlango wa nyumba, moto unawaka. Kitabu kipo, upande upande vilevile.

Pembeni yake kuna kikombe. Sikumbuki kukiweka.